Kanda ya Baba, Lucky Dube na Walii Wangu



Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu bi harusi mtarajiwa kupimwa gauni la nikahi. Tukiwa katikati ya vipimo, futi bado iko kiunoni mwake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, mtu akiwa hajamwona baba yake miaka kumi na mbili, ni lazima amtafute awe walii wake? Si ami yangu yupo?"

Nikaiweka futi mezani. Nikamwambia kaa kwanza. Gauni linaweza kusubiri.

Nilichomsimulia siku ile ndicho ninachowaandikia leo, kwa ruhusa yake. Ni habari ya baba yangu, na ndani yake kuna mwanamuziki wa rege kutoka Afrika Kusini, Lucky Dube. Najua wapo watakaosema, rege na ndoa ya Kiislamu wapi na wapi? Nawaomba subira. Sikuja kuwahubiria muziki. Mashekhe wamelizungumza jambo hilo na kila mmoja wetu ana wa kumuuliza. Dukani kwangu asubuhi husomwa Qur'ani, na mwezi wa Ramadhani redio haifunguliwi kwa nyimbo kabisa. Lakini siwezi kuwaeleza habari ya baba yangu bila kuitaja ile kanda, kwa sababu kwa miaka kumi na sita ndicho kitu pekee cha kwake nilichokuwa nacho.

Wengi mnanijua kama fundi wa Unguja, ila asili yangu ni Handeni. Handeni ya utotoni mwangu ilikuwa ya vumbi jekundu, mahindi na foleni ya maji. Baba alikuwa utingo, baadaye dereva, wa lori lililobeba mahindi kutoka Handeni kwenda Korogwe. Siku hizi ni lami, kilomita 65, unafika hata chai haijapoa kwenye chupa. Wakati ule ilikuwa barabara ya vumbi, na mvua za masika zikikamata, lori linalala Sindeni siku mbili watu wakisubiri njia ikauke.

Korogwe ndiko baba alikorekodisha kanda. Wadogo zangu hamtalijua hili, kwa hiyo nieleze. Karibu na stendi alikuwapo kijana mwenye redio mbili zilizounganishwa. Ukimpelekea kanda tupu ya dakika tisini na karatasi yenye majina ya nyimbo unazozitaka, yeye anazichukua kwenye kanda zake moja moja na kukupangia kwa mfuatano ulioandika. Ukirudi safari inayofuata, unakuta kazi iko tayari. Baba alimpelekea orodha ya Lucky Dube peke yake, kuanzia albamu ya Slave ya mwaka 1987 mpaka Trinity ya mwaka 1995. Juu ya kasha akaandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba: LAKI DUBE ZA MOYONI.

Jioni akiwa nyumbani aliipiga kwenye redio yetu. Betri zikichoka, mama anazianika juu ya bati, kesho zinafufuka kidogo. Kanda ikilegea tunaizungusha kwa penseli. Mimi Kiingereza sikijui, ila sauti ile niliijua kama ninavyomjua jirani.

Mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa, mvua ziligoma na lori likauzwa. Baba akasema anakwenda Mererani kwenye machimbo ya tanzanite. Alituaga asubuhi kabla ya jua, akamwambia mama kwamba mahindi ya msimu ujao yatamkuta nyumbani. Redio akaiacha, na kanda akaiacha ndani yake.

Msimu ule ukapita, na mwingine ukapita. Mwaka 1998 tukasikia kwamba mvua zimefurika mashimoni kule Mererani na wachimbaji wengi wamekufa. Mama alikaa kitako uani siku nzima. Hakujua akae eda au asubiri mume. Baba mdogo akafunga safari kwenda kuuliza, akarudi na jibu lililokuwa zito kuliko msiba: kuna mtu amemwona kaka yake akiwa hai, tena baada ya mafuriko. Kwa hiyo alikuwa hai na hakuwa akirudi.

Mama alingoja mwaka mwingine, kisha akaenda kwa mashekhe kueleza hali yake, na baada ya taratibu zote ndoa ikavunjwa. Tukahamia Korogwe kwa bibi, mama yake mama. Mama akawa anauza vitumbua na chai stendi, pale mabasi ya Arusha na Moshi yanapopumzika. Mimi nikasoma hapo hapo mpaka kidato cha nne.

Nilipokuwa kidato cha pili ndipo Kiingereza kilipoanza kuniingia. Siku moja naosha vyombo, kanda inalia, nikajikuta nimeelewa. Upande wa pili, wimbo wa tatu, ni ule uitwao Remember Me. Uko kwenye albamu ya Prisoner ya mwaka 1989. Ni habari ya mtoto anayemwita baba yake aliyekwenda mjini na hakurudi, mama amefariki na mtoto amebaki peke yake. Sufuria ilinitoka mkononi.

Wasomaji wangu, hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena. Nilijiambia: huyu mtu aliuchagua wimbo huu mwenyewe. Aliandika jina lake kwenye karatasi, akalipa pesa, akausikiliza mbele yetu jioni ngapi sijui, kisha akaenda kufanya yale yale. Nilitaka kuitia kanda motoni. Bibi akanipokonya. Akasema, "Kitu cha mtu hakichomwi, mjukuu wangu. Mwenyewe atakuja kuulizwa." Akaifunga kwenye upande wa kanga, akaiweka kwenye sanduku lake.

Baada ya shule nilichukua kozi ya ushonaji, na mwaka 2007 nilikuwa nimekaa kwenye cherehani ya kukodi, kibarazani kwa watu, Korogwe. Mwezi wa kumi mwaka ule ndipo Lucky Dube alipouawa. Ilikuwa tarehe 18 Oktoba, mtaa wa Rosettenville, Johannesburg. Alikuwa ametoka kuwashusha watoto wake wawili, majambazi wakamvamia kutaka gari, wakampiga risasi. Mwaka 2009 mahakama iliwahukumu watu watatu kifungo cha maisha. Siku zile kila basi lililoingia stendi lilikuwa linapiga nyimbo zake. Makondakta walizungumza kama waliofiwa na ndugu.

Mimi nilikata kitambaa cha mtu vibaya siku hiyo. Kilichonichoma ni lile la watoto. Mtu aliyeimba habari ya baba asiyerudi alikufa dakika chache baada ya kuwafikisha watoto wake salama.

Nikaanza kusoma habari zake kwenye magazeti. Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1964, mji wa Ermelo. Wazazi wake walitengana kabla hajazaliwa. Mama yake alikuwa amepoteza mimba kadhaa, ndiyo maana alipompata huyu akamwita Lucky, yaani mwenye bahati. Kisha mama akalazimika kwenda mbali kutafuta kazi, na mtoto akalelewa na bibi yake. Niliposoma hapo nikaliweka gazeti chini. Kumbe na yeye ni mtoto wa bibi kama mimi.

Alianza kwa kuimba mbaqanga, muziki wa kwao wa Kizulu, na ulimlipa. Mwaka 1984 akageukia rege kwa kazi iitwayo Rastas Never Die. Haikuuzwa, na serikali ya makaburu ikaipiga marufuku. Wengi wangerudi walikotoka. Yeye akatoa nyingine mwaka uliofuata, na Slave ndiyo iliyomfungulia milango, wimbo wa mlevi anayekiri kwamba pombe imemfanya mtumwa.

Mwaka 2008, baada ya kifo chake, ilitoka albamu ya mkusanyiko wa kazi zake iitwayo Retrospective. Nilikuja kuisikiliza baadaye sana, nikiwa tayari nipo Unguja. Nilishangaa jinsi ilivyonikumbusha kanda ya baba. Mkusanyiko una mambo yake. Unakuweka mbele ya maisha ya mtu kwa kikao kimoja. Kijana wa miaka ishirini na kitu anaimba, anayefuata ni mtu mzima wa miaka arobaini, na wewe unawasikia kama ni siku moja. Kuna nyimbo zenye makali na nyimbo za kawaida tu. Mwenyewe hayupo tena kukueleza kwa nini aliimba hivi wakati ule. Unaambiwa: huyu ndiye, jumla yake ni hii.

Sasa turudi kwenye walii.

Nilihamia Unguja mwaka 2009 kufanya kazi kwa fundi mmoja wa mabuibui, baadaye nikafungua pangu. Mwaka 2012 akaja mchumba, posa ikapelekwa Korogwe kwa bibi, mambo yakaenda vizuri. Mipango yangu ilikuwa baba mdogo ndiye aniozeshe. Ndiye aliyekuwa akituletea gunia la mahindi. Ndiye aliyelipa ada yangu ya kidato cha tatu. Kwangu mimi baba alikuwa yeye.

Shekhe aliyekuja kutuandaa akaniuliza swali moja: "Baba yako mzazi yu hai?"

Nikasema, "Hai, lakini si baba."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, uchungu wako naujua. Lakini uwalii hauondoki kwa sababu umekasirika. Baba akiwa hai, Mwislamu, mwenye akili zake na anaweza kupatikana, ni wa kwanza. Mtafuteni. Akikataa bila sababu, au asipopatikana, hapo tutazungumza mengine. Msimruke kabla hamjamwuliza."

Niliondoka pale nimenuna. Nilimwambia mchumba wangu, ikiwa ndoa yangu inamtegemea yule mtu basi niacheni niolewe na cherehani yangu. Mama alikuwa pembeni anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nenda. Mimi nimeshamsamehe kwa Mungu. Kwangu bado. Lakini wewe nenda."

Baba mdogo alichukua siku nne tu kumpata. Nne! Nilipoambiwa aliko sikuamini. Hakuwa Mererani wala Arusha. Alikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge, wilaya hiyo hiyo ya Korogwe. Alikuwa huko miaka saba. Miaka saba mama anauza vitumbua stendi, na mume wake wa zamani yuko mwendo wa nauli ndogo ya daladala.

Kabla hatujaondoka bibi alifungua sanduku, akanipa ile kanda ikiwa bado kwenye kanga. Akasema, "Mpelekee. Siku ya kuulizwa imefika."

Tulimkuta amekaa kwenye kibanda cha geti, shati la kazi limempwaya, nywele zina mvi. Alisimama akaniangalia. Hakuniita jina. Akasema, "Umefanana na mama." Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, lakini yote yakaniishia. Nikamwamkia shikamoo, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, kisha nikaifungua kanga nikampa kanda.

Aliishika kwa mikono miwili. Akasoma maandishi yake mwenyewe. "Bado ipo?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikamwuliza lile swali la miaka yote: "Baba, upande wa pili, wimbo wa tatu. Uliuweka wa nini, na wewe ndiye uliyetuacha?"

Alikaa chini. Akachelewa kujibu mpaka baba mdogo akakohoa. Kisha akasema: "Mimi niliurekodisha nikiwa mtoto wa mtu. Babu yenu alikuja huku kwenye mkonge tukiwa wadogo, mimi na huyu. Hakurudi. Wimbo ule ulikuwa wa kwangu mimi na baba yangu. Nilivyoondoka sikujua kwamba nawaachia na ninyi."

Nikamtazama baba mdogo. Aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli, na hakuwahi kutuambia.

Alieleza mengine. Mererani hakupata kitu. Alirudi mpaka Korogwe mkono mtupu, akafika stendi, akamwona mama kwa mbali na beseni la vitumbua, akashindwa kuvuka barabara. Alijiambia atavuka akipata pesa kidogo. Zilipopatikana kidogo akaona hazitoshi kwa aibu aliyokuwa nayo. Mwaka ukazaa mwaka.

Sitawadanganya kwamba nilimkumbatia. Nilikuwa bado na hasira, na mpaka leo kuna siku hunirudia. Aibu yake haikumnunulia mama yangu hata kilo moja ya unga. Lakini kuna kitu kilihama moyoni. Mimi nilikuwa nimemhukumu kwa wimbo mmoja, na hata wimbo wenyewe nilikuwa nimeusikia kwa sikio langu peke yangu. Nilidhani mle ndani yeye ndiye baba aliyeondoka. Kumbe alikuwa akiusikiliza kama mtoto aliyebaki.

Nikamwambia nilichokuja kusema. "Naolewa. Shekhe anasema wewe ndiye walii."

Machozi yakamtoka. Akasema, "Sina hata kanzu."

Mimi ni fundi, wasomaji wangu. Hilo ndilo neno pekee siku ile ambalo nililijua jibu lake. Nilitoa futi kwenye mkoba, maana fundi hatembei bila futi, nikamwambia simama. Nikampima urefu kutoka begani mpaka kifundoni, mabega, kifua, mkono, shingo. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa baba yangu tangu nikiwa na miaka tisa. Mabega yake nilikuwa nayakumbuka mapana, ya kubeba magunia. Futi ilisoma namba ndogo. Nikaipima mara mbili nikidhani nimekosea.

Kanzu ile niliishona usiku tatu, nikaidarizi shingo kwa mkono, uzi wa rangi ya kahawia. Katika kazi zangu zote, pamoja na magauni ya harusi mnayoyaona, hiyo ndiyo niliyoishona kwa mkono unaotetemeka.

Siku ya nikahi alikuja mapema kuliko wote. Alikaa mwisho wa mkeka mpaka shekhe alipomwita mbele. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, hina haijakauka vizuri, nikasikia sauti yake ikinitaja jina langu kamili na lake, mbele ya mashahidi, akiniozesha. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinishika mkono akaukaza. Hakusema kitu. Yeye na baba hawakuzungumza siku ile, wala hawajazungumza mpaka leo, na mimi siwalazimishi.

Na baada ya hapo? Maisha, wapenzi. Kuna mwezi ananipigia simu vizuri, kuna mwezi simu ni ya kuomba pesa. Akika ya mtoto wangu wa pili hakuja, na sababu aliyoitoa haikuniingia. Kanda haifanyi kazi tena, utepe umekatika, lakini iko kwake, kwenye dirisha la chumba chake. Mjukuu alipomwuliza hiki ni kitu gani, akamwambia, "Ni redio ya zamani ya mama yako."

Yule bi harusi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na wa kwangu akikataa?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa na mimi, na ninyi mabibi harusi mlichukue hili la manufaa. Suala la walii lianzeni mapema, kabla hamjaweka tarehe, kabla hamjalipa ukumbi, na kabla hamjaja kwangu kukata kitambaa. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunafuata mpangilio: baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka, watoto wa kaka, kisha ami na watoto wake. Baba akiwa mbali lakini anapatikana, anaweza kumweka wakala amwozeshee. Akiwa hajulikani alipo, au anazuia bila sababu ya kisheria, kuna njia yake kwa kadhi. Msijitungie fatwa kwenye simu. Nendeni kwa mwenye elimu na kwa kadhi, mkaeleze hali yenu kama ilivyo bila kuficha.

Na kama baba alikuwa mtu wa kuumiza, wa kupiga au kudhulumu, usiende peke yako. Tuma wazee. Kumtafuta walii hakukulazimishi kumrudisha mtu nyumbani kwako, wala kusahau aliyokufanyia. Mimi sikusahau. Nilichopata ni kwamba siku ya nikahi yangu sikuwa na deni la swali.

Bi harusi wangu aliondoka bila kumaliza vipimo. Wiki iliyopita akanitumia ujumbe: baba yake amepatikana, yuko Pemba, na wazee wameshakwenda. Bado hawajarudi na jibu. Gauni lake nimelikata, lakini pindo la chini sijalifunga. Mwombeeni dua, na mimi mniombee.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.